Magunia ya Ukuta wa Nyuma

Katika ghala la marehemu Tadei, nyuma ya soko la Sumbawanga mjini, palikuwa na magunia yasiyokuwa mali ya ghala. Yalipangwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo mwanga wa mlangoni haukufika, na mnunuzi aliyeingia kutafuta mahindi hakuyatilia maanani. Yalikuwa magunia ya wanawake.

Baada ya mavuno, baridi ya Juni ikiwa imeshika, mwanamke kutoka Msanzi au Matai, au kijiji kingine cha uwandani, aliteremka kwenye gari la mizigo akiwa na gunia la mahindi au la ulezi, alilolitenga kabla mume wake hajawaita wachuuzi. Si kila mume alikuwa mlevi, wala si kila mume alikuwa mkatili; lakini mume ndiye mkuu wa kaya, na nafaka iliyomo nyumbani ni yake kuiuza akitaka. Iliyokwisha kutoka nyumbani ilikuwa salama. Mwanamke alishona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi yake mwenyewe, Tadei akalipanga ukutani, wakaagana. Januari na Februari, akiba ya nyumbani inapokwisha na mahindi ya shambani hayajabeba, alirudi, akautambua uzi wake, akapima debe moja au mawili, akashona tena. Nyumbani alisema amekopeshwa na shangazi.

Tadei hakuandika lolote kuhusu magunia hayo. "Kilichoandikwa kitasomwa," alizoea kusema, "na atakayekisoma si lazima awe yule uliyemwandikia." Alipofariki, mjane wake Avelina alichukua funguo za ghala na kuiendeleza desturi hiyo bila kubadili hata neno moja, kwa kuwa hapakuwa na neno la kubadili.

Aliyetaka kubadili mambo alikuwa mwanawe, Maximilian. Alitamani mashine mpya ya kukoboa na kusaga, na ili aipate alihitaji mkopo. Na kampuni ya mikopo ilitaka kuona hesabu za biashara zilizotolewa na kompyuta, si maelezo ya mdomo.

"Mama, siku hizi hakuna anayekopeshwa kwa sababu baba yake alikuwa mtu mwema," alimwambia Avelina wakiwa barazani.

"Baba yako alikopeshwa kwa sababu hiyo hiyo."

"Alikopeshwa na marafiki zake. Mimi nitakopeshwa na watu wasionijua."

"Basi na wewe huwajui," Avelina alisema. Hata hivyo hakumzuia. Ghala lilikuwa likichechemea tangu msiba, na yeye mwenyewe alikuwa akikosea jumla mara kwa mara, jambo ambalo hakulisema mbele ya mtu.

Kampuni moja ya Mbeya ilitaja gharama ya kuweka hesabu hizo iliyomfanya Maximilian acheke peke yake barabarani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyemwelekeza kwa Evaristi. Huyu alikuwa mshauri wa kujitegemea, asiye na ofisi wala karani. Alikwenda kwa mwenye biashara na kompyuta yake begani, akamwekea programu ya uhasibu, akawafundisha watu wake kuitumia, akahamia mji mwingine. Alifika Sumbawanga mwanzoni mwa Agosti, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

Avelina alimkaribisha chai, kisha akamhoji kama mtu anayetaka kuoa katika familia.

"Ukimaliza kazi, ukaondoka, na mashine yako ikakataa, tukutafute wapi?"

"Simu yangu haizimwi, Mama. Isipokuwa nikiwa kanisani."

"Na kanisani unakwenda?"

"Mara nyingine."

"Basi haizimwi," Avelina alisema. Maximilian aligeuka upande ili asionekane akicheka.

Evaristi alikuwa mtu makini. Siku za mwanzo hakuifungua kompyuta yake. Alikaa kwenye kigoda karibu na mizani, akatazama nafaka inavyoingia na inavyotoka, akauliza nani anapokea, nani anapima, nani anashika fedha, na mteja asipolipa ni nani anayekumbuka. Jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa Avelina, na Evaristi aliliandika bila kutabasamu. Baadaye akasema kwamba kabla programu haijaanza kufanya kazi ni lazima ijue ghala lilikuwa na nini siku ile ya kwanza. Wakaanza kuhesabu. Walianzia mlangoni, wakapita safu baada ya safu, hadi wakafika kwenye ukuta wa nyuma.

"Na haya?" Evaristi aliuliza.

"Hayo hayahusiki," Avelina alijibu.

"Ni ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani, Mama?"

"Watu wenye magunia."

Evaristi alishusha kalamu. "Mama, programu hii ina mahali pawili tu pa kuweka kitu kilichomo ghalani. Ama ni mali yenu, ama ni amana ya mtu mwingine. Ikiwa ni amana, inataka kujua ya nani."

"Majina hayatolewi."

"Hata kwangu?"

"Kwani wewe ni nani?"

Lilisemwa kwa upole, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kujibiwa. Evaristi hakuuliza zaidi. Alikuwa amefanya kazi katika miji mingi, na karibu kila ghala alilolihesabu lilikuwa na kona iliyoitwa mali ya watu. Mara nyingi watu hao walikuwa mwenye ghala mwenyewe, anayekwepa kodi. Alidhani anajua alichokiona, na kwa kuwa alimheshimu yule mama, hakutaka kumwaibisha kwa swali la pili. Nyuzi alizitazama. Alidhani kila mshonaji alitumia uzi uliokuwa karibu na mkono wake.

Avelina naye alidhani anajua alichokisikia. Mashine inataka majina. Majina yakiingia humo yatakaa humo, na siku yoyote karani au mkopeshaji, au mume aliyejipenyeza kwa urafiki na karani, atabonyeza mahali na kuyasoma. Alimfikiria Bertilla wa Msanzi, mwenye uzi mwekundu. Aliwafikiria na wengine.

Maximilian alikuwa akiitazama saa yake. "Mama, tuyaandike kuwa yetu tu. Sisi tunajua ukweli. Mashine isipojua, kuna ubaya gani? Na mbele ya wakopeshaji ghala litaonekana limeshiba."

"Ghala halishibi kwa chakula cha wenyewe."

"Ni maandishi tu, Mama. Hakuna atakayeyagusa."

Avelina aliyatazama yale magunia. Kuyaita yake kulikuwa uongo. Lakini alipoupima uongo huo aliuona kama blanketi linaloweza kuwafunika wanawake wote kwa pamoja, bila jina la hata mmoja wao kuonekana. "Andika," alisema.

Jioni ile Evaristi alileta karatasi ya kutiwa saini, iliyotamka kwamba vyote vilivyohesabiwa ni mali halali ya biashara. Aliiweka mbele ya Avelina, kisha akaizuia kwa kiganja chake.

"Mama, ukitia saini hapa, mbele ya sheria magunia yale ni yenu."

"Na mbele ya Mungu?"

"Programu yangu haifiki huko."

Avelina alitia saini. Alikuwa na mwandiko uliofundishwa kwa fimbo zamani, wenye herufi zilizosimama wima kama watoto wa gwaride.

Mkopo ulitoka kabla ya Septemba kwisha. Msimamizi wa kampuni ya mikopo alikuwa Eustace, kijana mwenye adabu aliyewaamkia wakubwa vizuri. Alipitia hesabu, akasifu kazi ya Evaristi, akaeleza kwamba nafaka yote iliyomo ghalani itakuwa dhamana hadi deni litakapokwisha. Maximilian alikubali. Aliamini kwamba dhamana ni kitu cha kwenye karatasi, kama lilivyo jina la shahidi wa ndoa.

Mashine ya kusaga ilifika ikiwa imefungwa kwa mbao, ikashushwa uani, ikabaki uani. Ilihitaji umeme mkubwa kuliko uliokuwapo. Nguzo zililetwa zikasimikwa, nyaya hazikuja. Mvua zilianza. Maximilian aliifunika kwa turubai, na kila asubuhi aliizunguka kama mtu anayemwangalia ng'ombe mgonjwa.

Marejesho ya mkopo hayakusubiri nyaya. Maximilian akauza mahindi ya safu za mbele, kwa idhini ya Eustace na kwa bei ya masikitiko, kwani mwaka ule mahindi yalikuwa tele kila mahali. Akauza safu za katikati. Kila alipouza, karani alipunguza idadi kwenye kompyuta, na programu ya Evaristi ilifanya kazi yake bila kosa: ilionyesha kwa uaminifu kwamba ghala bado lina magunia. Ilipofika katikati ya Januari, magunia hayo yalikuwa ya ukuta wa nyuma peke yake.

Hapo ndipo Maximilian alipokwenda kwa Eustace kumwambia kwamba hana tena cha kuuza. Eustace alifungua kompyuta yake, akamgeuzia kioo chake.

Kesho yake alikuja na kufuli.

"Yaliyobaki si yetu," Avelina alimwambia akiwa amesimama mlangoni.

Eustace hakumsukuma. Alitoa karatasi, akamwonyesha kwa mikono miwili. "Mama, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ni mzuri sana. Siku hizi hakuna anayeandika hivi." Alisema kwa dhati. "Sasa, ikiwa kuna mtu mwenye mzigo wake humu, utaratibu upo. Alete barua ya mtendaji wa kijiji chake, inayothibitisha kwamba mzigo ni wake, na kitambulisho. Atapewa. Lakini afike kabla nafaka hii haijauzwa kwa mnada. Siku ya mnada mimi mwenyewe nitakuwapo hapa mlangoni tangu asubuhi."

"Wenyewe wanatambua magunia yao kwa nyuzi. Kila mmoja ana rangi yake."

"Kampuni haipokei nyuzi, Mama. Nisamehe."

Kufuli likafungwa, na juu yake ikabandikwa karatasi yenye mhuri.

Bertilla alifika siku chache baadaye, asubuhi ya mvua, akiwa na gunia tupu lililokunjwa kichwani badala ya mwavuli. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mama wa Faith na wengine watatu. Alimkuta Avelina ameketi kwenye kigoda nje ya ghala, mahali ambapo sasa alikaa kutwa nzima ili kila mwanamke atakayekuja asikutane na kufuli peke yake.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, Mama Faith."

"Mbona mmefunga? Au panya wamewashinda, wamewatoa nje?" Bertilla alicheka, akakung'uta maji. Kisha akauona mhuri, akaacha kucheka.

Avelina alimweleza yote, tangu programu hadi saini, tangu saini hadi dhamana, bila kupunguza na bila kujitetea. Bertilla alisikiliza huku akilikunja lile gunia tupu, akilikunjua, akilikunja tena.

"Magunia yangu manne yamo humo?"

"Yamo. Hayajaguswa."

"Nani aliyeyaita yenu?"

"Mimi."

"Ulituuza, Mama?"

"Nilitaka kuwaficha."

Bertilla aliketi kwenye ngazi iliyolowa. "Nyumbani tulimaliza jana," alisema. "Leo nimewaachia maboga. Mume wangu Abel aliuza yote mwezi wa kumi, kama nilivyojua atauza. Nikasema, na auze. Mimi nina ukuta."

Avelina alimweleza habari ya barua.

"Mtendaji wetu na Abel wanakunywa kwenye kibuyu kimoja," Bertilla alijibu. "Nikimwomba barua, Abel atajua kabla sijavuka barabara. Mwaka juzi aligundua debe la maharage nililolificha kwa mama yake mzazi. Kwa mama yake, Mama, si kwa wanaume. Mkono huu nilikaa nao hivi hadi Pasaka." Aliuonyesha ulivyokuwa umening'inia. "Usinitaje. Chochote utakachofanya, usinitaje."

Avelina aliingia nyumbani kwake, akatoa unga wote uliokuwamo, akaugawa mafungu kwa kisahani, kwa sababu Bertilla hakuwa wa kwanza kuja wala hangekuwa wa mwisho. Fungu la Bertilla lilitosha kuificha njaa, si kuifukuza. Alilipokea kwa mikono yote miwili, akashukuru kama ilivyo desturi, akarudi Msanzi.

Siku hiyo hiyo Avelina alimpigia Evaristi simu. Ilipokelewa kabla haijaita mara mbili. Alikuwa Mpanda, katika kazi ya duka la dawa, na baada ya kusikiliza hakusema kwamba ataona nafasi. Alisema atapanda basi. Alifika na makoti yake mawili, ingawa msimu ule haukuwa wa baridi, akaketi barazani akiwa na kompyuta magotini.

"Nataka uandike upya," Avelina alimwambia. "Uandike kwamba ni amana."

"Ya nani, Mama?"

Avelina alimtazama kijana yule, na safari hii akamjibu. Hakutaja jina. Alimweleza desturi: mavuno, magari ya mizigo, waume, sindano ya kushonea magunia, uzi mwekundu ni mama fulani, wa buluu ni mwingine, mweusi uliosokotwa na mweupe ni bibi mmoja mjane. Evaristi aliacha kugusa kompyuta. Uso wake ulibadilika taratibu, kama uso wa mtu anayesomewa barua ya msiba.

"Mimi nilidhani mnaficha kodi," alisema.

"Kodi?"

"Niliona aibu kukuuliza mara ya pili." Alivua koti la juu, akaliweka kando. "Mama, programu haikuhitaji majina. Inahitaji alama tu, ya kutofautisha mtu na mtu. Ningeweza kuandika: Amana, Uzi Mwekundu, magunia manne. Amana, Uzi wa Buluu. Ingekubali. Nimewahi kuandika kwa namba za pikipiki, nimewahi kuandika kwa majina ya mbwa. Ungeniambia rangi, ningeandika rangi."

Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalidondoka kutoka kwenye turubai la mashine.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," Avelina alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi andika sasa."

Evaristi alitikisa kichwa. "Nikibadilisha leo, baada ya dhamana kushikwa, itakuwa kughushi. Programu inaweka tarehe ya kila kinachoguswa. Niliiweka hivyo mwenyewe, ili mtu asiwaibie. Eustace ataona, na atakayefungwa ni Maximilian. Hata kama ninachoandika ni kweli tupu." Alifikiri kidogo. "Naweza kwenda kumweleza. Kumweleza tu."

Walikwenda wote wawili. Eustace aliwakaribisha viti, akasikiliza hadi mwisho, akasema kwamba anawaamini. Akaongeza kwamba imani yake haina mahali pa kutiwa saini. Alichoweza kukifanya alikifanya: aliahidi kwamba atakayeleta barua hata asubuhi ya mnada, mbele ya dalali, atapewa mzigo wake bila kuulizwa swali la ziada. Na kwa kuwa magunia yakitoka ni lazima yaondolewe kwenye hesabu, alimwomba Evaristi abaki ili aifanye kazi hiyo.

Wajane wawili walikuja na barua zao mapema, wakachukua vyao. Kwao haikuwa vigumu, maana hawakuwa na wa kumwogopa. Mwanamke mwenye uzi wa buluu alitazama mhuri kwa mbali, akageuka. Wengine walituma ujumbe kwamba yauzwe tu. Avelina alisafiri hadi Msanzi siku ya Jumapili, akamsubiri Bertilla nje ya kigango baada ya ibada, akamwambia habari za ile ahadi. Faith, msichana wa miaka kama kumi, alikuwa amesimama kando ya mama yake, ameegemea ukuta wa kigango kama kikongwe.

"Huyu alianguka jana akichota maji," Bertilla alisema. Hakusema zaidi, na Avelina hakumshauri. Hakujiona tena kuwa na haki ya kumshauri mtu.

Asubuhi ya mnada palikuwa na wachuuzi uani, na dalali, na Maximilian ambaye hakumtazama mtu usoni. Eustace alifungua kufuli. Evaristi alikaa kwenye kile kigoda cha karibu na mizani, kompyuta magotini. Dalali alikuwa ameanza kukohoa ili watu wanyamaze, pale Bertilla alipoingia getini akiwa na mtoto mgongoni. Alitembea nyuma ya mwanamume.

Mwanamume huyo alikuwa na shati safi, na kofia aliyoivua alipomwona Avelina. Hakuwa mlevi asubuhi ile. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye Abel, baba Faith."

"Marahaba," Avelina alisema.

"Tumeleta barua."

Eustace aliipokea, akaisoma kwa sauti kama utaratibu ulivyotaka. Mtendaji alithibitisha kwamba Abel, mkuu wa kaya, mkazi wa Msanzi, ndiye mmiliki wa magunia manne ya mahindi yaliyohifadhiwa mjini kwa niaba ya kaya yake. Mhuri ulikuwapo. Kitambulisho kilikuwapo. Hakuna kilichopungua.

"Mzigo ni wa mama huyu," Avelina alisema. "Aliyeushona ni yeye."

"Barua ni ya kaya, Mama," Eustace alijibu taratibu. "Hakuna fomu ya mke peke yake. Mtendaji huandika jina la mkuu wa kaya, ndivyo ilivyo kila mahali. Wote wawili si wa nyumba moja?"

Avelina alimtazama Bertilla. Bertilla alikuwa akitazama sakafu ya ghala. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevimba hadi jicho likabaki ufa, naye alikuwa ameivuta kanga mbele ili lisionekane. Lakini asubuhi ile palikuwa na upepo.

Vijana wa kubeba mizigo waliyatoa magunia manne ya uzi mwekundu, moja baada ya jingine. Evaristi alikuwa ameweka vidole tayari, lakini hakuandika.

"Yanayotoka niyaandike kwa jina la nani?" aliuliza, na hakumwuliza Eustace.

"Andika Uzi Mwekundu," Avelina alisema.

"Andika kilichoandikwa kwenye barua," Eustace alisema.

Evaristi aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilibonyeza herufi nne, na hesabu ya ghala ikapungua kwa magunia manne.

"Mke wangu ni msiri," Abel aliwaambia wabebaji, akicheka. "Kumbe ana akili kuliko benki." Kisha akamgeukia Avelina, akainama kidogo, na hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. "Ahsante sana, Mama, kwa kunitunzia."

Hakuyapeleka mbali. Wachuuzi walikuwa pale pale uani, wamekuja na fedha zao kwa ajili ya mnada. Mmoja alimwita, wakasemezana, mwingine akapandisha bei kidogo. Mchuuzi alitoa kisu, akakata uzi mwekundu wa gunia la juu, akachota mahindi kwa kiganja, akayanusa, akaridhika. Alipomaliza kuyapima yote manne, Abel alimpa Bertilla noti kadhaa za juu bila kuzitazama, zilizobaki akazikunja, akazitia mfukoni mwa shati lake safi, akamwambia atangulie nyumbani. Yeye ana mtu wa kuonana naye mjini.

Mnada ukaendelea. Maximilian alikwenda kusimama nyuma ya mashine yake, chini ya turubai. Evaristi alifunga kompyuta, akabaki ameikumbatia.

Bertilla aliokota uzi uliokatwa. Haikuwa kwa sababu maalumu, ila ulikuwa uzi mzuri, na mwanamke wa Ufipa hatupi uzi mzuri. Aliuviringisha kidoleni, akamweka mtoto sawasawa mgongoni, akaelekea getini. Ili kufika getini ilimpasa apite mbele ya kigoda cha nje ya ghala alichokaa Avelina, karibu kabisa, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupita bila kupiga goti kidogo na kuamkia.

Alipita wima. Avelina alikuwa ameshafungua kinywa ili aitikie.